Saa za Barazani Zimekwenda Wapi?

Ijumaa moja alasiri nilikuwa nimeketi barazani mtaa wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na wazee watatu. Bao lilikuwa katikati yetu, na muuza kahawa alikuwa amekwisha kupita mara mbili na dele lake. Nakumbuka zamani katika baraza hiyo hiyo mtu akichelewa kidogo baada ya swala ya alasiri hakupata pa kuketi. Siku hiyo tulikuwa wanne tu, na aliyekuwa mdogo kupita wote ni mimi, ambaye mvi zimekwisha kunijaa.

Mara akapita mpwa wangu, kijana wa miaka 26 ambaye kazi yake ni kuendesha bodaboda. Alituamkia, nasi tukamwitikia, lakini pikipiki hakuizima. Mzee mmoja akamwambia, "Njoo basi, mjukuu wangu, unywe hata kikombe kimoja." Kijana akacheka, akajibu, "Babu, mimi nikikaa, deni halikai." Akaenda zake.

Mzee aliyemkaribisha alisikitika, akasema kwamba vijana wa siku hizi hawana tena utu wala mazungumzo. Lakini mzee wa pili, ambaye alifanya kazi ya kupakia na kupakua shehena bandarini Kilindini mpaka akastaafu, alitikisa kichwa. Akasema, "Si utu alioukosa. Alichokosa ni saa. Sisi tulikuwa na saa. Shifti ikiisha, meli ilikuwa ya wenyewe."

Maneno hayo sikuyasahau. Wengi wetu tumezoea kulipima badiliko hili kwa mizani ya tabia: vijana wamekuwa hivi, wazee walikuwa vile. Katika makala haya nataka tulitazame kwa mizani nyingine, ile ya kazi na mapumziko. Nani alikuwa na saa zake, alizipata vipi, na ni nani anayezichukua leo?

Kabla ya king'ora

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba huku pwani kazi haikupimwa kwa saa ya ukutani tangu zamani. Mvuvi alifuata maji. Bamvua ilikuwa na shughuli zake na maji mafu yalikuwa na zake. Mabaharia wa majahazi walifuata kaskazi na kusi; pepo zikigeuka walingoja, na katika kungoja huko ndiko biashara, ndoa, ngoma na hadithi zilikopata nafasi. Mkulima alikuwa na majira ya jembe na majira ya kuvuna, na baina yake palikuwa na wiki nzima za harusi. Kazi na starehe zilikaa nyumba moja. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu chini ya mwembe huku wakitaniana, utasema walikuwa kazini au mapumzikoni?

Hata hivyo tusijidanganye kwa kusifu kila kilichopita. Wapo waliokaa barazani kwa sababu wengine walikuwa shambani kwa lazima. Utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka wa 1907, na kabla ya hapo nafasi ya bwana ilikuwa jasho la mtumwa. Siku ambazo mtumwa wa shamba aliachiwa katika juma alizitumia kulima chakula chake mwenyewe. Mapumziko yake yalikuwa kazi nyingine.

Neno letu la kibarua limetoka katika historia hiyo hiyo. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili siku yake ihesabiwe. Miongoni mwa vibarua wa kwanza wa mjini walikuwamo watumwa waliokodishwa kwa siku, na sehemu ya ujira wao ikaenda kwa mabwana zao. Basi tunaposema leo "nimepata kibarua", tunataja karatasi iliyoanza kuigawa siku ya mwanadamu vipande vya kuuza.

Kipande na tikiti

Serikali ya mkoloni ilipoingia, ilitaka watu wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, reli na bandari. Kodi ya kibanda iliwatoa watu majumbani kutafuta fedha. Kisha ikaja sheria ya kipande ya mwaka wa 1915, ambayo ilianza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri akatakiwa kubeba kitambulisho chenye maelezo ya kazi yake. Aliyeacha kazi bila ruhusa aliweza kusakwa na kushtakiwa. Hapo ndipo saa za mtu zilipokuwa jambo la polisi.

Lakini wafanyakazi nao walikuwa na ujanja wao. Katika mashamba mengi watu waliajiriwa kwa tikiti ya siku 30. Siku hizo zilikuwa za kazi, si za kalenda. Mtu aliweza kufanya kazi leo, kesho akaangalia shamba lake au akaenda kumzika jirani, kisha akarudi. Tikiti ikachukua zaidi ya mwezi kujaa. Mlowezi aliita jambo hilo uvivu. Mwenye tikiti aliliona kuwa ni maisha.

Hapa Mombasa mvutano huo ulikuwa mkali zaidi. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka wa 1987 juu ya wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, ameeleza jinsi vibarua wa bandarini walivyowaudhi wakubwa. Malipo ya kutwa bandarini yalikuwa afadhali kuliko ya kazi nyingine nyingi za mjini, na kibarua aliweza kufanya kazi nusu ya mwezi, pengine pungufu, akapata mahitaji yake. Siku zilizobaki alikwenda ng'ambo kwenye shamba lake, au alivua, au alicheza ngoma. Meli zilipokuwa nyingi alihitajika, na zilipokuwa chache hakumgharimu mtu chochote. Lakini wakubwa waliogopa mtu ambaye hawakuweza kumfukuza, kwa sababu hakuwa ameajiriwa!

Na ngoma zenyewe hazikuwa mchezo mtupu. Beni, ambayo ilianza katika miji ya pwani mnamo miaka ya 1890, ilikuwa na vyama, vyeo, sare na mashindano makubwa. Mombasa ilikuwa na vyama kama Kingi na Skochi. Mtu aliyekuwa kuli mchana, jioni aliweza kuwa jemadari. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama, kama alivyoandika Margaret Strobel katika kitabu chake cha mwaka wa 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa. Katika vyama hivyo watu walijifunza kuchanga fedha, kuchagua viongozi na kusaidiana katika misiba na harusi. Saa za mapumziko ndizo zilizokuwa shule yao ya uongozi.

Mgomo na shifti

Januari mwaka wa 1947 Mombasa ilisimama. Maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli, mahoteli na majumba ya watu waligoma kwa siku zipatazo 12. Chege Kibachia akawa kiongozi wa chama chao, na mwaka huo huo akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo. Watu walidai mishahara, kwani maisha yalikuwa yamepanda bei wakati wa vita. Lakini mgomo wenyewe ulionyesha jambo jingine pia, kwamba mji mzima unaweza kuamua siku gani ni ya kazi na siku gani si ya kazi.

Serikali ilijifunza kutokana na mgomo huo. Vibarua wa bandarini waliandikishwa, na katika miaka ya 1950 wale ambao hawakufikisha idadi ya shifti iliyotakiwa waliondolewa katika orodha. Kamati ya Carpenter, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 1954, ilipendekeza mfanyakazi wa mjini alipwe mshahara wa kumtosha yeye na familia yake, ili akae mjini na kushika kazi moja. Mwaka wa 1955 bandari iligoma tena, na Tom Mboya akashuka kutoka Nairobi kusaidia kutafuta mapatano.

Hivyo basi, kizazi cha baba zetu kilifanya biashara na wakubwa. Kilitoa uhuru wa kuchagua siku ya kwenda kazini, kikapata mshahara wa mwezi, likizo, malipo ya saa za ziada, nyumba ya kazini na pensheni. Biashara hiyo haikuwa ya hiari kabisa, lakini vyama vya wafanyakazi viliipigania ili iwe na faida. Kwayo yakapatikana mapumziko ya namna mpya, yaani mapumziko yenye mpaka. Saa fulani ni za mwajiri, saa fulani ni zako.

Wenye umri wangu tunayakumbuka mapumziko hayo. Jumamosi mchana ofisi zilifungwa na viwanja vya mpira vikajaa. Makampuni na mashirika yalikuwa na timu zao, na mpaka leo bandari yetu ina timu yenye jina la Bandari. Jumapili watu walikusanyika mbele ya redio kusikiliza kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", kilichoanza mwaka wa 1966. Harusi za hapa Mombasa zilikwenda siku nyingi, na taarabu ya akina Zein l'Abdin na Juma Bhalo iliwakuta watu wenye nafasi ya kukesha. Yule mzee wa bandarini aliniambia kwamba yeye alijifunza kupiga udi baina ya shifti ya asubuhi na ya usiku. Nilipomuuliza kama yuko kijana aliyemfundisha, alisema wawili walianza, na wote wawili wakaacha kwa kukosa wakati.

Bosi wa nafsi yake

Sheria tunazo. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku za kazi 21 kwa mwaka pamoja na malipo. Kanuni za mishahara zinaweka saa 52 kwa juma kuwa kikomo cha kawaida. Sheria hizi si mbaya. Taabu ni kwamba katika nchi yetu zaidi ya watu 8 katika kila 10 wenye kazi wako katika jua kali na biashara ndogo ndogo. Mama mboga hana wa kumwomba likizo. Fundi wa viatu hana wa kumdai malipo ya saa za ziada.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Watu humwambia kwamba ana bahati, kwani yeye ni bosi wa nafsi yake. Ukimtazama kwa haraka utadhani ni yule yule kibarua wa miaka ya 1940 amerudi, afanyaye kazi siku atakayo na kupumzika siku atakayo. Lakini kuna tofauti kubwa, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu.

Kibarua wa zamani aliweza kusema "imetosha". Alikuwa na shamba ng'ambo, alikuwa na ndugu wenye minazi na mihogo, na hakuwa na deni juu ya chombo cha kazi, kwa kuwa chombo chake kilikuwa mabega yake. Mpwa wangu hana shamba. Anaishi chumba cha kupanga. Pikipiki aliichukua kwa mkopo, na marejesho hulipwa kila siku kwa simu, Ijumaa na Jumapili zikiwamo, Idi ikiwamo, na siku ya homa ikiwamo. Hutoka nyumbani kabla ya alfajiri kuwahi watu wa mapema, na hurudi usiku baada ya kuwapeleka watu wa mwisho. Hana msimamizi wa kumfokea, bali ana tarakimu ndani ya simu. Msimamizi wa zamani alikuwa na saa ya kwenda kulala. Tarakimu hailali.

Wala jambo hili halikuwakumba waendesha bodaboda peke yao. Mwalimu wa shule akitoka darasani huenda kwenye duka lake. Karani hufungua kompyuta usiku kufanya kazi ya mtu aliye ng'ambo ya bahari. Hata mwenye kazi ya mshahara hafungi tena ofisi, kwani ofisi imo mfukoni mwake, nayo hulia wakati wa chakula. Mwaka wa 2022 Seneta Samson Cherarkey alipeleka katika Seneti mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na barua za mwajiri baada ya saa za kazi. Wapo waliocheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikumbuka kwamba hata siku moja ya mapumziko katika juma kuna wakati ilichekwa pia.

Mwaka wa 1930 mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, John Maynard Keynes, aliandika kwamba baada ya miaka 100 watu wangeweza kufanya kazi saa 15 tu kwa juma, na taabu yao ingekuwa kujua la kufanya na nafasi iliyobaki. Huo mwaka wa 2030 ndio huu unaobisha hodi. Mashine zimekuja kweli. Makontena yameondoa magunia mabegani mwa makuli. Simu imetuondolea safari za benki na posta. Lakini muda uliookolewa haukugawanywa. Wengine wameachwa bila kazi kabisa na wengine wana kazi mbili au tatu kwa mtu mmoja.

Wako watakaonipinga, waseme kwamba vijana wana starehe kupita sisi. Si wana video, wana mpira wa Uingereza, wana muziki wa dunia nzima? Ni kweli. Lakini tazameni starehe hiyo ilivyo. Ni dakika tano baina ya abiria na abiria, kila mmoja ameinamia kioo chake. Na wengi wanaoutazama huo mpira wameweka mkeka, yaani wamecheza kamari, kwa hivyo hata mchezo umegeuka kuwa njia ya kutafuta kodi ya nyumba. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Sijui wangesema nini juu ya mchezo ambao umekuwa kazi mbaya.

Nani aliyepika kahawa?

Sasa lazima niseme jambo ambalo wenzangu wa barazani hawatalipenda. Tunaposikitikia saa zetu, tunazungumza kama kwamba kila mtu alikuwa nazo. Wakati sisi tukicheza bao, kulikuwa na mtu jikoni. Mahamri yaliyoletwa barazani yaliumuliwa na kukaangwa na mtu. Nguo nyeupe za Ijumaa zilifuliwa na mtu.

Uchunguzi wa matumizi ya wakati uliofanywa mwaka wa 2021 na Shirika la Takwimu la Kenya ulionyesha kwamba wanawake wetu hutumia takribani mara tano ya wakati wanaoutumia wanaume katika kazi za nyumbani na za kulea ambazo hazina malipo. Ni kama saa nne na nusu kwa siku, na wanaume hawafiki hata saa moja. Na wengi wa wanawake hao pia wanatoka kwenda kutafuta riziki. Lelemama ilipofifia hatukuwapa badala yake. Na katika nyumba ambazo mama na baba wote wako ofisini, mapumziko yao mara nyingi yanatokana na msichana wa kazi ambaye hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Huyo siku yake moja katika juma, iliyoandikwa katika sheria, iko wapi?

Nilipoyasema haya pale barazani palikuwa kimya kidogo. Kisha mzee wa bandarini akasema, "Marehemu mke wangu hakuwahi kupata pensheni." Hakuongeza neno.

Tufanye nini?

Sisemi turudi kwenye majahazi. Wala sisemi kwamba kukosa kazi ni mapumziko. Tuliyaona hayo wakati wa korona, amri ya kutotoka nje usiku ilipoanza tarehe 27 Machi, 2020 na kuendelea mpaka tarehe 20 Oktoba, 2021. Saa za kukaa nyumbani zilikuwa tele, lakini mwenye hoteli ndogo na mpiga ngoma hawakuziona kuwa starehe. Nafasi bila riziki ni dhiki.

Lakini nchi nyingine zimeonyesha kwamba saa si sheria ya mbinguni. Huko Iceland, baina ya mwaka wa 2015 na 2019, wafanyakazi wapatao 2,500 walijaribiwa kwa juma fupi zaidi bila kupunguziwa mshahara, na baadaye vyama vya wafanyakazi vikapata mapatano mapya ya saa. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, wafanyakazi wa serikali walianza mwaka wa 2022 kufanya kazi siku nne na nusu, na Ijumaa wakawa wanatoka mchana. Hayo yalikuwa maamuzi ya watu.

Kwetu sisi mwanzo unaweza kuwa mdogo. Wanaokopesha vyombo vya kazi wangeweza kuhesabu siku 6 badala ya 7. Vyama vya akiba na mikopo vya waendesha bodaboda vingeweza kudai jambo hilo kwa sauti moja, kama vibarua wa 1947 walivyodai yao. Vyama vya wafanyakazi navyo visingoje wanachama wenye kadi tu. Kibarua wa leo hana kadi, ana simu. Na nyumbani, sisi wanaume tunaweza kuanza hata leo bila kungoja Bunge.

Ijumaa mbili baadaye, mpwa wangu alikuja barazani. Safari hii aliizima pikipiki. Alisema yeye na wenzake wanne wa steji yake wamepatana kupokezana Ijumaa, ili kila mmoja apate alasiri moja kwa zamu, na wanaobaki barabarani wamchangie kidogo katika marejesho yake ya siku hiyo. Tulimpa kahawa. Mzee wa bandarini akamwekea kete za bao, akaanza kumweleza namna ya kuzipanga, na kabla hajamaliza kijana alikuwa amelala, mgongo ukutani na kikombe mkononi.

Hatukumwamsha. Simu yake ililia mara tatu tukaiacha ilie. Mzee alikitoa kikombe mkononi mwake polepole, akazirudisha kete, akasema atamfundisha zamu yake ikifika tena.